Daraja Lililochorwa kwa Kalamu ya Nuru

Mwezi Januari 1963, Ivan Sutherland, kijana wa miaka 24, aliwasilisha tasnifu yake ya uzamivu katika chuo cha MIT huko Massachusetts, Marekani. Baba yake alikuwa mhandisi wa ujenzi, na Sutherland alizoea kusoma ramani za wahandisi tangu utotoni. Programu aliyoitunga aliiita Sketchpad.

Alikaa mbele ya kompyuta iliyoitwa TX-2, akaelekeza kalamu ya nuru kwenye kioo, na mistari ikatokea. Ajabu haikuwa mistari yenyewe. Mchoraji aliweza kuiagiza mashine kwamba mistari miwili ibaki sambamba, nayo ikabaki hivyo hata umbo livutwe upande gani. Aliweza kuchora kifaa kimoja cha mfano na kukirudia mara nyingi. Akiurekebisha ule mfano, nakala zote zilijirekebisha.

Kisha Sutherland akachora daraja la vyuma. Alilibebesha mzigo, na kompyuta ikakokotoa nguvu inayovuta au kukandamiza kila chuma, ikaandika tarakimu kando yake. Umbo likibadilika, hesabu ilifanywa upya. Kwangu mimi, ukurasa huo ndio wenye uzito kuliko yote katika tasnifu ile: mwanafunzi angeweza kulielemea daraja kupita kiasi, akaona ni chuma gani kinachozidiwa, bila mtu kuumia.

Wala TX-2 haikuzuka hivi hivi. Ilitokana na ukoo wa kompyuta ya Whirlwind, na Whirlwind ilianza kama mashine ya mafunzo. Edwin Link, kijana wa Binghamton ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alikuwa ametumia mivukuto ya vinanda kuunda chombo cha kuwafundishia marubani bila kuruka, mwishoni mwa miaka ya 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vyombo vyake vilifunza marubani wengi mno. Mwaka 1944 jeshi la majini la Marekani likaiomba MIT chombo bora zaidi, kitakachoweza kuiga ndege za aina mbalimbali. Jay Forrester wa MIT na wenzake waligundua kwamba kazi hiyo ilihitaji kompyuta ya kidijitali yenye kasi ya kujibu papo hapo. Chumba cha rubani kiliachwa njiani, kompyuta ikabaki. Kwa hiyo mashine iliyolibeba daraja la Sutherland ilirithi haja ya kumpa mwanafunzi jibu pale pale anapotenda.

Kutoka daraja hadi jengo zima palikuwa na safari. Mwaka 1974, katika chuo cha Carnegie-Mellon, Pittsburgh, msanifu majengo Charles Eastman na wenzake walieleza mfumo wa kuhifadhi jengo lote ndani ya kompyuta. Shida aliyoilenga inajulikana na kila fundi aliyewahi kubishana na ramani: ukuta mmoja huchorwa kwenye ramani ya sakafu, kwenye mkato na kwenye sura ya mbele, na mtu akirekebisha mahali pamoja husahau pengine. Eastman alitaka ukuta uhifadhiwe mara moja tu, na michoro yote itolewe humo.

Mwaka mmoja kabla yake, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Daniel Halpin alikuwa amekamilisha tasnifu ya uzamivu iliyozaa mfumo wa CYCLONE. Yeye hakushughulika na sura ya jengo, alishughulika na kazi: malori yanayosubiri kupakiwa udongo, kipakiaji kinachokaa bure kwa kukosa lori. Kwa alama chache mwanafunzi alichora mzunguko huo, akaongeza lori, akatazama foleni ikikua huku udongo unaohamishwa ukibaki ule ule. Somo kama hilo mkandarasi mchanga alikuwa akilipata kwa hasara ya fedha zake mwenyewe.

Jengo la Eastman halikuwa na saa. Kazi ya Halpin haikuwa na umbo. Kuviunganisha kulichukua miaka. Katika chuo cha Stanford, Martin Fischer na wanafunzi wake waliifunga ratiba ya ujenzi kwenye modeli, ili nguzo na boriti zionekane zikisimama kwa mpangilio wa kazi. Ukumbi wa Walt Disney mjini Los Angeles, wenye kuta zilizopinda, ulijengwa kwa msaada wa modeli za namna hiyo, ukafunguliwa mwaka 2003.