Rejeta ya Ford, mizinga ya meli: Rufiji ilipogeuka karakana

Ijumaa, Julai 11, 2025, ilitimia miaka 110 tangu manowari ya Kijerumani Königsberg izamishwe na mabaharia wake wenyewe katika delta ya Rufiji, upande wa Salale, eneo ambalo leo limo ndani ya Wilaya ya Kibiti. Kumbukizi hii ikifika, simulizi huwa ni ileile: meli ilijificha, Waingereza wakaisaka, wakaipiga, ikazama. Mafundi hawatajwi. Nami naona wao ndio utamu wenyewe wa habari hii, kwa sababu kwa karibu mwaka mzima pande zote mbili za vita ziliishi kwa kuungaunga: kung'oa kifaa cha chombo hiki na kukifunga kwenye kile, ilimradi kiende.

Marekani kuna watu ambao kazi hiyo ni burudani yao. Baba na wanawe huchukua Ford chakavu ya mwaka 1932, wakaivua bodi, wakaipa injini kubwa kuliko iliyozaliwa nayo, na kushinda gereji Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka iungurume. Rufiji ya 1914 hakuna aliyefanya kwa burudani. Duka la spea lilikuwa Ulaya, na bahari ilikuwa imefungwa.

Hatua za mwanzo zinajulikana, tuzipite haraka. Königsberg iliundwa Kiel, ikateremshwa majini Desemba 1905, ikafika Dar es Salaam Juni 1914 ikiwa na nahodha Max Looff na mizinga kumi ya milimita 105. Agosti 6 iliikamata karibu na pwani ya Omani meli ya Kiingereza City of Winchester, iliyosheheni chai. Septemba 20, alfajiri, iliingia Zanzibar na kuichakaza HMS Pegasus iliyokuwa imetia nanga ikisafisha boila zake. Kisha injini yake yenyewe ikaharibika, nayo ikarudi Rufiji kujificha kwenye mikoko.

Hapo ndipo karakana inapoanza. Vipande vya injini vilivyovunjika vilifunguliwa, vikapelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu, vikatengenezwa huko, vikarudishwa deltani na kufungwa upya. Msomaji anayepanda basi la kusini leo na kufika Kibiti kabla chai ya asubuhi haijashuka tumboni asijidanganye. Hapakuwa na lami wala lori la kutegemea. Chuma kile kilitembea kwa nguvu ya watu, kwenda na kurudi, kupita mchanga, vinamasi na vijito.

Injini ilipopona, mlango ulikuwa umeshafungwa. Oktoba 30, 1914, HMS Chatham iligundua meli ilipo. Novemba 10 Waingereza wakaizamisha makusudi meli ya mizigo Newbridge katika mkondo mmoja wa kutokea baharini. Lakini kujua kwamba adui yumo deltani si sawa na kumwona. Meli ilikuwa imefunikwa matawi, na manowari za Waingereza zilikuwa na kina kirefu mno kuweza kuifuata. Likaja wazo la ndege.

Ndege yenyewe ilikuwa Curtiss ya kutua majini, na rubani wake alikuwa Dennis Cutler, raia wa kawaida aliyekuwa akirusha ndege Durban. Waliweka kambi kwenye kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia. Matatizo hayakuchelewa. Mara ya kwanza Cutler alipotea njia akatua kwenye kisiwa kingine. Kisha rejeta ikawa haifai, inavuja, na injini ya ndege bila rejeta katika joto la Novemba la pwani yetu ni sufuria tu ya kuchemshia maji. Rejeta ya Curtiss haikupatikana popote Afrika Mashariki. Basi manowari ikatumwa Mombasa kutafuta rejeta ya gari la Ford, ikaletwa, ikafungwa kwenye ndege, na ndege ikaruka.

Ikaruka, na Cutler akaiona Königsberg. Sijui kama kuna fundi wa gereji ambaye hatatabasamu akisikia habari hii. Manowari ya taifa lililotawala bahari za dunia nzima inakwenda kuomba rejeta ya gari la mtu, na ndiyo inayofanya kazi. Desemba injini ilimwangusha Cutler mtoni, Wajerumani wakamteka. Ndege zilizofuata zilikuwa za jeshi, na baada ya Mafia kutekwa Januari 1915 zikapata uwanja pale kisiwani.

Waingereza hawakuishia kwenye rejeta. Meli mbili zilizokuja kummaliza Looff, Severn na Mersey, zilikuwa zimeundwa Uingereza kwa ajili ya Brazil, ziende kufanya kazi mto Amazon. Vita vilipoanza serikali ya Uingereza ikazinunua. Zilikuwa bapa, zenye kina kifupi, na baharini hazikuaminika, hivyo zilivutwa kwa kamba kutoka Malta mpaka Mafia. Pale Mafia zikafanyiwa mabadiliko: mabamba ya chuma yakaongezwa, magunia ya mchanga yakapangwa, na ndani zikajazwa madebe matupu ya mafuta ya taa yaliyozibwa, ili hata zikitobolewa zisizame upesi. Madebe ya mafuta ya taa! Julai 6 zilipigana na kurudi nyuma. Julai 11 ndege iliyokuwa ikiwaelekeza wapigaji, yenye rubani Cull na mwangalizi wake Arnold ndani, ilipigwa, lakini Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha huku ikianguka. Siku hiyo Königsberg iliwaka moto, Looff akiwa amejeruhiwa, na ikalipuliwa na watu wake wenyewe.

Vitabu vingi vya Waingereza hufunga ukurasa hapo. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani huku, hafungi. Katika kumbukumbu zake zilizotoka 1920 anasimulia kilichofuata kwa fahari isiyofichika, na ndiyo sehemu iliyonifanya niandike makala hii.

Meli haikupinduka siku ile. Ilikaa juu ya tope, mtoni, na mizinga yake yote kumi ilikuwa mahali inapofikika. Ofisa wa majini aitwaye Schönfeld, aliyesimamia ulinzi wa delta, akaanza kuing'oa. Kwa kuisafirisha, anasema Lettow, alitumia magari ya kubebea mizigo mizito yaliyokutwa kwenye shamba la jirani. Yalikuwa vyombo vya shamba, vilivyotengenezwa kwa mizigo ya mkulima, sasa vimebebeshwa silaha ya manowari. Mizinga mitano ikawekwa tayari Dar es Salaam, miwili Tanga, miwili Kigoma na mmoja Mwanza.

Asiyewahi kushika spana anaweza kuona hilo ni jambo dogo: chukua mzinga, weka kwenye magurudumu, vuta. Tutazame ugumu wake. Mtutu mmoja wa aina ile, peke yake, ulikuwa na uzito wa kiasi cha tani moja na nusu, na ulirusha kombora mwendo wa kilomita 12 hivi. Melini mzinga hukaa juu ya kiti cha chuma kilichofungwa kwa boliti sitahani. Ukifyatuliwa, kishindo hushuka kwenye kiti, kikapita sitahani, kikamezwa na meli nzima yenye maelfu ya tani. Ukiuhamishia nchi kavu, meli haipo. Kishindo chote kinatafuta pa kwenda, nacho kitaingia kwenye ekseli, kwenye mbao na kwenye udongo. Gurudumu jembamba litazama mchangani hata kabla ya risasi ya kwanza. Gurudumu pana ni zito, nalo linahitaji watu zaidi wa kuvuta. Mkia wa nyuma wa kuzuia mzinga usirudi kinyumenyume ukiwa mfupi, mzinga unaruka. Ukiwa mrefu, haukati kona kwenye njia ya msituni.

Hesabu hizo zilifanywa Dar es Salaam, katika mji uliokuwa na karakana za reli na za meli, na mafundi waliokuwa wamezoea behewa na boila. Kiti cha meli kikageuzwa kuwa gari la mzinga. Hapakuwa na mchoro wa kiwanda wa kufuata, kwa sababu hakuna kiwanda kilichowahi kufikiria kwamba mzinga huu ungetaka kutembea. Kila kipande kilipimwa palepale, kikakatwa, kikajaribiwa. Anayejua gereji anajua kazi ya namna hiyo: huwezi kumwachia mtu mmoja, na anayefanya hawezi kukuandikia kitabu cha maelekezo akimaliza.

Na nani aliyevuta? Lettow anamtaja Schönfeld kwa jina na kumsifu, na sina ugomvi na sifa hiyo. Lakini aya inayosimulia safari ya mizinga kutoka mtoni haina jina la Mrufiji hata mmoja. Mizinga kumi, kila mmoja tani moja na nusu bila kuhesabu kiti chake wala makombora, ilitoka kwenye tope la delta ikafika mjini kana kwamba ilipepea. Kevin Patience, aliyeandika kitabu kizima kuhusu meli hii, amefuatilia mizinga mmoja baada ya mwingine ilikokwenda. Mikono iliyoivuta haina mfuatiliaji wa namna hiyo.

Magari nayo yalikuwa na shida zake. Petroli ilipokatika, walowezi walitengeneza mafuta yaliyofanana nayo kutokana na nazi, wakayaita trebol, yakaendesha magari na pikipiki. Tairi zilipoisha, mpira wa mashamba ya hapa hapa ulichanganywa na salfa, zikapatikana nyingine. Leo tukisikia gari linalokwenda kwa mafuta ya mimea tunadhani ni uvumbuzi wa juzi.

Turudi kwenye mizinga. Mmoja wa ile ya Kigoma ulipata maisha mapya majini. Ulifungwa kwenye meli Graf von Goetzen, ambayo nayo ilikuwa imekuja kwa vipande: ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha, ikasafirishwa mpaka Kigoma kwa reli na kuunganishwa upya kwenye ufukwe wa Tanganyika. Ndiyo MV Liemba ya leo. Kwa hiyo kuna wakati ambapo mzinga wa meli ya Kiel uliotoka Rufiji ulikuwa umefungwa juu ya meli ya Papenburg katikati ya ziwa, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini ulikozoea.

Mwingine uliachwa Kahe, Machi 1916, Lettow aliporudi nyuma mbele ya majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali Smuts. Mmoja baada ya mwingine ilitekwa au kulipuliwa. Vita vyenyewe vilirudi Rufiji na kuiumiza vibaya; Januari 4, 1917 mwindaji mashuhuri Frederick Selous aliuawa Beho Beho. Wajerumani walipovuka Ruvuma Novemba 25 mwaka huo hawakuwa tena na mzinga wa Königsberg wa kuvuta.

Meli iliyoachwa mtoni ilipata mnunuzi asiyetarajiwa. Mwaka 1924 haki ya kuokoa vyuma vyake ilinunuliwa kwa pauni 200 na John Ingle, yuleyule aliyekuwa nahodha wa Pegasus siku Königsberg ilipoizamisha Zanzibar. Alipeleka wazamiaji wakatoa shaba na madini mengine yasiyo chuma, kisha akaiuza haki hiyo kwa wengine. Mwanamaji gani angepanga kisasi kitamu kuliko hicho? Ukataji uliendelea kwa vipindi, na kati ya 1963 na 1965 mwili uliobaki ulivunjwa kama chakavu. Masalia yakamezwa na mto.

Mizinga mitatu ipo. Mmoja uko Pretoria, mbele ya majengo ya serikali. Mmoja uko Jinja, Uganda. Mmoja uko Mombasa. Watu wa nchi tatu wanapiga picha kando ya kitu kilichotoka Salale, na mtoto wa Kibiti akitaka kukiona inabidi avuke mpaka. Tumeridhika na hali hiyo kwa muda mrefu mno, na sioni sababu ya kuifumbia macho.

Sidai mizinga irudishwe. Kesi ya namna hiyo itawalisha wanasheria miaka ishirini. Ninachodai ni rahisi zaidi. Mkoa wa Pwani ndio wenye Nyumbu pale Kibaha, ambako jeshi letu lilijaribu kuunda lori la Kitanzania, na una gereji kando ya barabara kuu ambako kijana hujifunza kwa baba au kwa mjomba kuchomelea chesesi kabla hajajua kunyoa ndevu. Vipimo vya mtutu vinachukulika Mombasa, mwendo wa siku moja kwa basi. Mafundi wa huko wapewe kazi ya kuunda nakala ya gari moja la mzinga, ukubwa uleule, likawekwe Nyamisati, mahali abiria wa Mafia wanaposubiri boti na wana muda wa kusoma. Maandishi yake yawe ya Kiswahili. Jina la Looff na la Schönfeld yawemo, hakuna ubaya, ila mstari wa kwanza uwe wa waliovuta, hata kama majina yao hatunayo.