Ruhusa ya Siku 28

Mwezi Mei mwaka 2010, nikiwa darasa la tano kwenye shule moja ya msingi huku kwetu Mbagala, nilimpelekea mwalimu wa darasa barua ya ruhusa. Baba aliiandika usiku kwa mwanga wa kibatari, maana umeme ulikuwa umekatika kama kawaida yake. Barua ilisema kwamba bibi yetu mzaa baba amefariki huko Rufiji, kwa hiyo mimi na dada yangu wa darasa la saba tunaombewa ruhusa ya kwenda mazishini. Mwalimu akaisoma, akanipa pole, akaandika kitu kwenye rejesta. Siku mbili baadaye tulishuka kwenye basi tukakamata njia ya kijijini, na mtu wa kwanza kutupokea uani alikuwa bibi mwenyewe, mzima kabisa, ungo mkononi, akicheka na pengo lake.

Ndugu msomaji, usimcheke dingi wangu kabla hujanisikiliza. Nimeanza na barua hiyo kwa sababu nimegundua kwamba nyumba nyingi za uswahilini, kuanzia Mbagala mpaka Tandika, kuanzia Manzese mpaka Mwananyamala, zina barua kama hiyo. Mtoto "anaumwa", shangazi "amefiwa", babu "yu hoi kitandani". Kumbe familia inakwenda kwao kusalimia. Basi nikajiuliza: ni nani aliyetufundisha kusema uongo kwa ajili ya jambo jema kama kumwona bibi?

Jibu la kwanza ni la kazini. Baba alikuwa kibarua aliyeajiriwa rasmi baada ya kusota miaka mingi kiwandani. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Siku zenyewe zipo, ila anayepanga zianze lini ni mwajiri. Shule zinafungwa Juni na Desemba, na miezi hiyo kila mwenye watoto anaitaka. Wanaoipata ni wenye vyeo. Baba alipangiwa Mei. Alikuwa hajakanyaga kwao kwa miaka minne.

Jibu la pili ni la kihistoria, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Shule hizi tunazosoma hazikuanza kwa kumwuliza mkulima anavuna lini. Wajerumani walifungua shule ya serikali kule Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 kwa sababu walihitaji makarani na maakida. Mtoto alitolewa kwenye kalenda ya nyumbani, yaani masika, vuli, kupanda, kupalilia na jando, akaingizwa kwenye kalenda ya ofisi. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendelea na kengele ileile, wakaongeza ubaguzi: shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali. Mifumo hiyo mitatu ilikuja kuunganishwa mwaka 1962, baada ya Uhuru.

Lakini Waingereza hao hao walijua thamani ya kwenda kwao. Ofisa wa kikoloni akimaliza muda wake wa kazi alipewa livu ndefu na nauli ya meli, akaenda Uingereza kuona wazazi wake. Sijapata kusoma popote kwamba aliandika barua ya msiba wa uongo. Neno livu tumelirithi kwao, na wazee wetu wa viwandani na bandarini bado wanalitumia. Sie wa shuleni tunasema likizo, na hili ni letu. Kulikiza, kwa Kiswahili cha wazee, ni kumwachisha mtoto ziwa, na pia ni kumpa mtu ruhusa ya kuacha kazi kwa muda.

Mwalimu Nyerere aliliona tatizo hili. Katika kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea, kilichotolewa Machi 1967, alieleza kwamba mifugo haiwezi kuachwa peke yake wala shamba halingoji, kwa hiyo likizo za shule zinaweza kuchukuliwa kwa zamu, vidato tofauti nyakati tofauti. Yeye alikuwa akifikiria zaidi mashamba ya shule kuliko mashamba ya bibi zetu. Hata hivyo wazo lilikuwa pale, limeandikwa kabisa: kalenda ya shule si msahafu, inaweza kupinda kufuata kazi ya watu.

Ila mambo yalikwenda njia nyingine. Novemba 1974 chama kilitoa Azimio la Musoma, kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Halafu ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ikamfanya mzazi kuwa na wajibu wa kumwandikisha mtoto wa miaka saba na kuhakikisha anahudhuria shule mpaka amalize darasa la saba. Ukikiuka, ni kosa. Sisemi sheria hiyo ilikuwa mbaya. Bila hiyo, huenda baba yangu asingejua kuandika hata hiyo barua ya uongo. Ninachosema ni kwamba sheria ilijua kulazimisha kuliko ilivyojua kusikiliza.

Twende sasa Rufiji, maana huko ndiko nilikoielewa habari hii kwa miguu yangu.

Tulipanda basi Rangi Tatu alfajiri. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, halafu Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Baba akatuonyesha mto kwa fahari kana kwamba ameuchimba yeye. Kabla ya daraja, alisema, hapa palikuwa na kivuko, na kikiharibika mnalala ng'ambo na mbu. Baada ya Ndundu lami ikaisha, tukala vumbi mpaka njia ya kwenda Mohoro.

Bibi hakuwa anaishi kijijini siku zile. Alikuja tu kutupokea, kisha akatupeleka bondeni, kwenye dungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti katikati ya mpunga. Warufiji wamekaa humo tangu enzi za mababu kila mpunga unapokaribia kuiva, kufukuza ndege mchana na nguruwe mwitu usiku. Zamani makazi yenyewe yalikuwa bondeni. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali ikawahamishia watu kwenye vijiji vya juu, mbali na maji, na shule zikajengwa huko. Mashamba hayakuhama. Kwa hiyo msimu ukifika familia hushuka bondeni, na mtoto ana mambo mawili tu: aende dunguni na wazazi akose shule, au abaki juu peke yake na njaa. Rejesta inaandika mtoro. Kumbe ni mtu anayelinda chakula cha mwaka mzima.

Jioni, tukiwa tumechoka kupiga kelele na kutingisha kamba za makopo, baba mkubwa alinionyesha kusini-magharibi kwenye vilima vya Wamatumbi. Akasema huko ndiko watu walikong'oa pamba ya Mjerumani mwezi Julai 1905. Walikuwa wakilazimishwa kulima mashamba ya pamoja kwa malipo kidogo mno, hata wengine walikataa kuyapokea. Kinjekitile Ngwale alikaa Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga hapo hapo Mohoro mwanzoni mwa Agosti. Mimi jina hilo nililijua kama swali la mtihani. Nilikuwa nimelikariri pamoja na majina ya mito. Usiku ule nikatambua kwamba Maji Maji ilikuwa na harufu ya matope na ilikuwa na majirani. Baadaye sana, nikiwa sekondari, nilipokutana na tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969, niliisoma kama mtu anayesoma barua kutoka kwao. Kama leo nina kichaa cha kutaka kuandika riwaya, kilianzia juu ya lile dungu, siku ambayo nilipaswa kuwa darasani.

Ningeishia hapa, insha hii ingekuwa nyepesi: shule mbaya, safari nzuri, tuchukueni watoto twende zetu. Lakini tulikuwa wawili kwenye basi lile.

Siku 28 zilipokwisha, mimi na baba tulirudi. Dada hakurudi. Shangazi alikuwa amesema binti amekua, na mwali hawezi kurudi mjini hivi hivi kama mzigo. Ngoma ipo wiki mbili zijazo, acheni achezwe. Baba aliguna, hakubisha. Wiki mbili zikawa mwezi na zaidi. Kwa wenzetu Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam hii, zamani mwali aliweza kuwekwa ndani kwa muda mrefu sana, na ni shule iliyokuja kuufupisha muda huo. Kwetu pia muda ulikuwa umefupishwa. Ila hata ufupi una urefu wake kwa mtu wa darasa la saba. Dada alirudi katikati ya Julai. Mtihani wa majaribio ulikuwa umempita, twisheni imempita. Septemba akafanya mtihani wa taifa. Majina yalipotoka, lake halikuwamo kati ya waliochaguliwa kwenda sekondari.

Siwezi kuapa kwamba ni safari ile tu iliyomwangusha. Darasa lao lilikuwa na wanafunzi waliokaa chini, na vitabu vya kugombania. Lakini mimi nilikuwa na miaka miwili ya kufidia siku zangu. Yeye alikuwa na wiki saba.

Na ile barua? Ilitufuata. Kurudi tu, mwalimu wa Kiswahili alitupa insha: "Safari Niliyoifurahia". Nikaandika kurasa tatu juu ya dungu na ngano za bibi, na jinsi bibi alivyokuwa akicheka. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, wakapiga makofi. Mwalimu wa darasa, aliyekuwa amenipa pole ya msiba, akauliza ni bibi yupi huyo anayecheka. Hiyo ndiyo insha yangu ya kwanza kusifiwa, na ndiyo iliyonipatia viboko vinne.

Mwaka 2011, mwezi Agosti, bibi alifariki kweli. Baba akaandika barua nyingine, safari hii kila neno la haki. "Bibi yenu ana roho ngapi?" mwalimu aliuliza, na darasa likaangua kicheko. Ruhusa haikutoka. Baba, kwa woga wa kuitwa tena shuleni, akaenda kuzika peke yake. Mimi sikumzika bibi yangu.

Tusidhani kasheshe hizi ni za Mbagala tu. Aprili 2015 baba mmoja wa Isle of Wight, Uingereza, alimtoa binti yake shuleni siku saba akampeleka Florida, Marekani, kutembea, ingawa mwalimu mkuu alikuwa amekataa. Akatozwa faini ya pauni 60, akagoma kulipa, ikapanda hadi 120. Alishinda mahakama za chini, lakini tarehe 6 Aprili 2017 Mahakama ya Juu ikasema mtoto anatakiwa kuhudhuria kwa kufuata kanuni za shule, si kwa makadirio ya mzazi. Kwao ugomvi mkubwa ni kwamba wakati wa likizo nauli na hoteli hupanda bei. Sie tunalijua hilo: jaribu kutafuta tiketi ya Moshi wiki ya Krismasi. Tofauti ni kwamba baba yule alisimama mahakamani akasema kweli alichofanya. Dingi wangu hakuwa na pa kusimama.

Kitu kimoja kinanipa moyo. Huko kusini, Mtwara na Lindi, ngoma nyingi za jando na unyago siku hizi huwekwa Juni na Desemba, shule zikifungwa. Wazee, ambao tunapenda kuwaita wagumu, ndio waliopinda. Shule bado haijapinda hata sentimita moja kuelekea bondeni. Na ile zamu ya likizo aliyoiandika Mwalimu mwaka 1967 imebaki kwenye kijitabu.

Wiki iliyopita nilimsomea dada insha hii. Ana banda lake la mama lishe karibu na stendi ya Rangi Tatu, na wanawe wawili wanasoma. Alisikiliza huku akichambua mchele. "Wewe ulirudi na hadithi," akasema, "mie nilirudi na kanga." Nikamwuliza kama anaichukia ile ngoma. Akasema hapana, ilikuwa nzuri, na mambo aliyofundishwa na kungwi yamemsaidia. "Ila wangengoja Septemba ipite. Ni miezi mitatu tu. Hakuna aliyewaambia."

Ni kweli. Baba hakumwambia mwalimu kwamba anakwenda kwao, na mwalimu hakupata nafasi ya kumwambia baba: mdogo mchukue, huyu wa darasa la saba mwache. Barua ya msiba iliziba midomo yote miwili.

Waandishi wenzangu, mnaotafuta visa mbali, anzeni nyumbani. Waulizeni wazee wenu waliandika nini kwenye barua zile za ruhusa, na nani hasa alikuwa hai siku hiyo.