MV Liemba

MV Liemba ni meli ya abiria na mizigo ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake katika bandari ya Kigoma, magharibi mwa Tanzania. Ilijengwa nchini Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Tangu hapo imekuwa meli ya kivita, imezamishwa na wenyewe, imelala chini ya maji kwa miaka, imeopolewa, imepewa jina jipya na kubadilishwa kutoka mvuke kwenda dizeli. Mara nyingi hutajwa kuwa meli ya mwisho ya jeshi la majini la Kaisari wa Ujerumani iliyoendelea kufanya kazi baada ya nyingine zote kuvunjwa au kuzama.

Ina urefu wa mita 71 hivi na upana wa mita 10 hivi. Kwa miongo mingi ilikuwa chombo kikuu cha usafiri wa watu na bidhaa kwa vijiji vingi vya mwambao wa mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa ambavyo havikuwa na barabara ya uhakika.

Jina

Jina la kwanza lilitokana na Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani aliyevuka Afrika kutoka mashariki hadi magharibi mwaka 1893–1894. Baadaye alikuwa gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906, na Vita vya Majimaji vilianza wakati wa utawala wake.

Jina Liemba lilitolewa na Waingereza mwaka 1927. Ni jina la kale la sehemu ya kusini ya Ziwa Tanganyika, ambalo msafiri David Livingstone alilisikia kwa wenyeji alipofika huko mwaka 1867.

Ujenzi na safari ya reli

Meli iliundwa na kiwanda cha Meyer katika mji wa Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Kwa kuwa Ziwa Tanganyika halina njia ya maji inayoweza kupitisha meli kutoka baharini, mafundi waliiunganisha kwanza kiwandani ili kuhakikisha kila kipande kinakaa mahali pake, kisha wakaifungua tena. Vipande vilipakiwa katika makasha yapatayo 5,000 na kusafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam.

Kutoka Dar es Salaam mzigo ulifuata Reli ya Kati. Ujenzi wa reli hiyo ulianza mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Hivyo meli nzima, kwa vipande, ilipita stesheni ya Dodoma katikati ya nyanda kavu za Ugogo, mamia ya kilomita kutoka bahari na kutoka ziwa lililokuwa likiingojea. Njia yote kutoka pwani hadi Kigoma ina urefu wa kilomita 1,250 hivi. Bila reli hiyo isingewezekana kufikisha ziwani meli ya ukubwa huo.

Mafundi watatu kutoka Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walisimamia kazi ya kuiunganisha upya Kigoma, wakisaidiwa na vibarua wengi Waafrika. Sahani za chuma ziliunganishwa kwa ribiti, moja baada ya nyingine. Meli ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita ikiwa imekwisha kuanza.

Katika Vita Kuu ya Kwanza

Ingawa ilikusudiwa kubeba abiria na mizigo, Graf von Götzen iliingizwa mara moja katika shughuli za kijeshi. Ilisafirisha askari na shehena, na ilifungwa mizinga. Mmoja kati ya mizinga hiyo ulikuwa wa sentimita 10.5 kutoka manowari Königsberg, iliyoharibiwa katika delta ya mto Rufiji mwezi Julai 1915. Wajerumani walikuwa na vyombo vingine viwili ziwani, Kingani na Hedwig von Wissmann, lakini Götzen ilikuwa kubwa kuliko vyote.

Ili kuvunja nguvu hiyo Waingereza walileta boti mbili ndogo za mbio, Mimi na Toutou, chini ya uongozi wa Geoffrey Spicer-Simson. Boti hizo zilitoka Uingereza hadi Cape Town, kisha zikasafirishwa kwa reli, kwa kuvutwa porini na kwa mito hadi upande wa Kongo wa ziwa. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, ambayo Waingereza waliikarabati na kuitumia wenyewe kwa jina la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Graf von Götzen haikupambana nazo.

Katikati ya mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zilishambulia bandari ya Kigoma, na majeshi yao yalikuwa yakikaribia kwa nchi kavu. Wajerumani waliamua kuiacha Kigoma.

Kuzamishwa na kuopolewa

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Kazi hiyo ilifanywa na mafundi walewale walioiunganisha, nao hawakuivunja. Walizipaka injini grisi nzito ili maji yasizile, wakaijaza meli mchanga, kisha wakaishusha taratibu katika maji yasiyo na kina kirefu. Walitarajia kuirudia siku moja.

Waliofaidika na uangalifu huo walikuwa maadui zao. Wabelgiji walioishika Kigoma waliiopoa meli baada ya vita na kuivuta hadi bandarini, lakini ilizama tena katika dhoruba. Eneo la Kigoma lilipokabidhiwa kwa Waingereza, kazi ya kuiopoa ilianza upya. Tarehe 16 Machi 1924 meli ilielea tena. Injini na boila zilikutwa bado zinafaa kutumika, hivyo ilionekana kuwa nafuu kuitengeneza kuliko kuleta meli nyingine kwa vipande. Tarehe 16 Mei 1927 ilianza kazi kwa jina la Liemba.

Mabadiliko ya meli

Meli nyingi za zamani zinazosifiwa kwa umri wao zimehifadhiwa kama zilivyokuwa. Liemba imedumu kwa njia nyingine: kila kizazi kimebadilisha sehemu zake ili iendelee kufanya kazi. Ganda la chuma ndilo lililobaki kutoka 1913.

* 1915: chombo cha abiria na mizigo chageuzwa meli ya kivita.
* 1924–1927: yaopolewa na kufanywa meli ya kiraia.
* Miaka ya 1970: injini za mvuke zaondolewa na kuwekwa za dizeli. Boila na akiba ya kuni au makaa havikuhitajika tena.
* 1993: matengenezo makubwa kwa ufadhili wa Denmark kupitia shirika lake la misaada, DANIDA. Injini ziliwekwa mpya na sehemu za abiria zikatengenezwa upya. Baada ya hapo iliweza kubeba abiria wapatao 600.

Kwa sababu hiyo anayeiona leo hawezi kuifananisha kwa urahisi na picha za Graf von Götzen za mwaka 1915. Anayeangalia ganda kwa karibu bado anaweza kuona mistari ya ribiti, ambayo katika meli za baadaye ilichukuliwa na uchomeleaji.

Huduma ziwani

Njia ya kawaida ya Liemba ilikuwa kutoka Kigoma kuelekea kusini hadi Mpulungu nchini Zambia na kurudi. Njiani ilisimama katika vituo kadhaa vya upande wa Tanzania, vikiwemo Lagosa, Kalya, Ikola, Karema, Kipili na Kasanga. Ilibeba dagaa, mahindi, mananasi, saruji, magodoro, mafuta na bidhaa za dukani. Watalii walioelekea Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale pia waliitumia.

Vituo vingi havikuwa na gati. Meli ilitia nanga mbali kidogo na ufuko, nayo mitumbwi na boti zilitoka kijijini kuifuata. Abiria, mizigo, mbuzi na kuku vilipandishwa na kushushwa kutoka ubavuni, mara nyingi usiku, kwa mwanga wa taa za meli. Kwa wakazi wa vijiji hivyo siku ya Liemba ilikuwa pia siku ya soko, siku ya barua na siku ya mgonjwa kupelekwa hospitali ya mjini. Iliposimama kwa matengenezo, waliosafiri walibaki na boti za mbao zinazojaa kupita kiasi katika ziwa ambalo upepo wake huweza kubadilika ghafla.

Baada ya uhuru meli iliendeshwa na mashirika ya umma ya reli. Baadaye ilikuwa chini ya Kampuni ya Huduma za Meli (MSCL), inayomilikiwa na serikali na yenye makao makuu Mwanza.

Kusafirisha wakimbizi

Mara mbili Liemba ilitumiwa katika shughuli kubwa za kuokoa watu. Mwaka 1997, baada ya utawala wa Mobutu kuanguka nchini Zaire, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi (UNHCR) liliitumia kurudisha kwao wakimbizi zaidi ya 75,000 waliokuwa Tanzania.

Mwezi Mei 2015 machafuko ya kisiasa nchini Burundi yaliwafanya makumi ya maelfu ya watu kukimbilia Kagunga, kijiji cha Tanzania karibu na mpaka. Kijiji hicho kiko kwenye ukanda mwembamba wa ufuko uliobanwa na milima, na ugonjwa wa kipindupindu ulizuka hapo. Hapakuwa na barabara. Liemba ilibeba mamia ya watu kwa kila safari hadi Kigoma, ambako walipelekwa kambi ya Nyarugusu.

Ukarabati na mjadala wa hifadhi

Kuelekea mwisho wa miaka ya 2010 meli ilisimama kutokana na uchakavu, na katika miaka ya 2020 serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa kuikarabati kwa kiasi kikubwa.

Nchini Ujerumani na kwingineko wapo waliopendekeza ihifadhiwe kama kitu cha makumbusho. Wanaotaka iendelee na safari husema mwambao wa Tanganyika unahitaji usafiri wa bei nafuu kwanza. Pande zote mbili zinakabiliwa na ugumu uleule: kanuni za usalama za leo zinadai mabadiliko zaidi, na kila badiliko linapunguza kile kilichobaki cha meli ya mwaka 1913.

Katika fasihi na filamu

Historia ya meli za Ziwa Tanganyika katika Vita Kuu ya Kwanza inahusishwa na riwaya The African Queen ya C. S. Forester (1935), iliyotengenezewa filamu mwaka 1951 na mwongozaji John Huston. Meli ya Kijerumani katika hadithi hiyo, Luisa, kwa kawaida hulinganishwa na Graf von Götzen.

Vyombo vingine visivyo vya kawaida katika eneo

* Chauncy Maples: meli ya wamisionari wa Kianglikana katika Ziwa Nyasa, iliyoundwa Uskoti, ikaletwa kwa vipande na kushushwa majini mwaka 1901. Boila yake ilifungwa kwenye magurudumu na kuvutwa na mamia ya wanaume Wangoni. Kwa nyakati tofauti ilikuwa zahanati, shule, chombo cha uvuvi na meli ya abiria.
* Flipflopi: jahazi lililoundwa Lamu, Kenya, na fundi Ali Skanda pamoja na wenzake kwa plastiki iliyookotwa, likavikwa vipande vya kandambili vya rangi mbalimbali. Lilishushwa majini mwaka 2018 na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar ili kuhamasisha watu juu ya taka za plastiki.

Tazama pia

* Ziwa Tanganyika
* Reli ya Kati (Tanzania)
* Kigoma (mji)
* Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika ya Mashariki