Feleji, Titani na Ujuzi wa Mhunzi

Chepkoilel, karibu na Eldoret, haiko mbali na nchi ya Wanandi, waliopigana na Waingereza tangu 1895 hadi 1905, alipouawa kiongozi wao Koitalel arap Samoei. Wahunzi wao walichukua parafujo za reli, wakazitia motoni, wakazifua zikawa silaha. Mwishowe bunduki zilishinda, lakini ujuzi ule haukuwa wa kudharauliwa.

Titani ilitambuliwa Uingereza mwaka 1791, ingawa njia ya kuisafisha kwa wingi ilipatikana katika karne ya 20. Uzito wake haufiki theluthi mbili za uzito wa feleji, yaani chuma cha pua, wala haishiki kutu. Mbona basi mitutu ya bunduki ingali ya feleji? Kwa sababu risasi hupita ndani ikisugua kwa nguvu na moto mkali, na titani ikisuguliwa huharibika upesi. Tena ni ghali. Kwa hiyo mafundi huitumia katika sehemu zinazotakiwa ziwe nyepesi, kama kifaa cha kupunguza mlio, na mtutu huachiwa feleji.

Kwetu Kenya mchanga wenye titani ulichimbwa Kwale kuanzia 2013 hadi 2024, ukachambuliwa, kisha ukapakiwa merikebuni ungali mchanga. Mhunzi wa Kinandi alitwaa chuma cha wageni akakigeuza kuwa chake. Sisi tulikuwa na mchanga wetu, tukawaachia wageni waugeuze. Mwenye mchanga si mwenye titani, mpaka ajifunze kuisafisha.