Rangi ya Manjano, Rangi ya Sheria

Mwaka 1950 serikali ya makaburu nchini Afrika Kusini ilipitisha sheria ya kumsajili kila mtu kwa rangi: Mweupe, Mwenyeji au Coloured. Huyo wa tatu alielezwa kwa kukanusha tu: asiye Mweupe wala Mwenyeji. Palipokuwa na shaka, maofisa walikagua sura na ngozi, na wengine walichomeka penseli kwenye nywele waone kama itadondoka.

Berni Searle alizaliwa Cape Town mwaka 1964, akahesabiwa katika kundi hilo la tatu. Alisomea uchongaji, kisha akageukia picha, video na mwili wake mwenyewe. Katika mfululizo wa Colour Me, alioanza mwaka 1998, analala uchi akiwa amefunikwa kwa viungo vya jikoni: manjano, paprika, karafuu ya kusaga.

Viungo hivyo vinawajua mababu kuliko cheti cha serikali. Mwaka 1652 kampuni ya Waholanzi ilianzisha kituo huko Cape ili kuzipatia chakula meli zilizofuata viungo Asia. Wakaletwa watumwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Wazao wao wengi ndio walioandikwa Coloured. Asili zao zote zilimezwa na neno moja, lakini jikoni ladha zilibaki.

Katika Traces, kazi ya mwaka 1999, baadhi ya picha zinamwonyesha Searle amelala ndani ya viungo. Katika nyingine ameshaondoka, limebaki umbo lake kwenye unga. Aliyewahi kumenya manjano mabichi anajua jinsi rangi yake inavyong'ang'ania vidoleni, na kwamba baada ya siku chache hutoka.

Sheria ile ilifutwa mwaka 1991. Rangi yake haikutoka upesi hivyo. Mitaa iliyogawanywa kwa rangi haikuhama, na sensa bado huuliza kundi, ingawa sasa mtu hujitaja mwenyewe. Wapo wanaolikataa neno Coloured. Wapo pia wanaolitamka kwa fahari, kwa kuwa ndilo walilokulia nalo.

Searle hawaamulii. Anachoonyesha ni tofauti moja: ofisini rangi ilichaguliwa na afisa, na aliyepewa hakuweza kuipangusa kwa hiari yake. Hapa anaichagua mwenyewe, na akimaliza anainuka, anajikung'uta.