Kiendeshaji: Mshukiwa Anayesahaulika

Mtumiaji amefungua barua moja tu. Hana video wala mchezo, lakini feni ya kompyuta inavuma na matumizi ya kichakataji yamefika asilimia 90. Hapo wengi hushuku virusi, au huanza kufuta programu moja baada ya nyingine. Yuko mshukiwa mwingine anayestahili kuchunguzwa mapema: kiendeshaji cha kadi ya michoro.

Kiendeshaji ni programu inayokaa kati ya mfumo endeshi na kifaa. Kadi za Intel, AMD na NVIDIA kila moja ina amri zake, na kiendeshaji ndicho kinachogeuza ombi la kuchora dirisha kuwa amri ambazo kadi husika inazielewa. Mafundi husema draiva, nao huelewana bila shida. Katika maandishi hukutwa kiendeshi na kiendeshaji, yote mawili kutokana na kitenzi endesha. Lakini kiendeshi hutumika pia kwa kifaa cha kusomea diski, hivyo anayeambiwa asasishe kiendeshi anaweza kupoteza asubuhi nzima akiikagua diski isiyo na kosa. Kiendeshaji hakina utata huo, na kwa sababu hiyo ndilo neno la kushikwa.

Ugumu wa kumnasa mshukiwa huyu ni kwamba asipokuwepo, kompyuta haigomi. Madirisha yanafunguka, picha zinaonekana. Kazi ya kuchora imehamia kwa kichakataji, na hakuna onyo lolote lililotokea kwenye skrini.

Linux inalionyesha jambo hili waziwazi. Eneokazi la GNOME 3, lililotoka mwaka 2011, lilijengwa likitegemea uwezo wa kadi ya michoro. Penye kadi isiyo na kiendeshaji, maktaba ya Mesa, ambayo Brian Paul alianza kuiandika mwaka 1993, huleta mbadala uitwao llvmpipe, unaokokotoa kila pikseli kwa kichakataji. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ikichorwa yote mara 60 kwa sekunde, hizo ni zaidi ya pikseli milioni 124 kila sekunde. Kadi hugawa kazi hiyo kwa mamia au maelfu ya vitengo vidogo vinavyofanya kazi pamoja; kichakataji cha kompyuta ya mezani kina viini vichache tu. Kusogeza dirisha peke yake kunatosha kukichosha.

Ushahidi hupatikana kwa dakika chache. Amri ya top huonyesha ni programu gani inayokula kichakataji. Ikiwa ni gnome-shell, yaani programu inayoendesha eneokazi la GNOME, amri ya glxinfo itataja anayechora: likitokea jina llvmpipe badala ya jina la kadi, chanzo kimepatikana. Kwenye Windows, orodha ya vifaa huandika Microsoft Basic Display Adapter pale ambapo jina la kadi lingepaswa kuwa.

Kwa nini kiendeshaji kitoweke kwenye kompyuta iliyokuwa nzima jana? Mara nyingine kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo huo, imesasishwa, na moduli ya kiendeshaji cha NVIDIA haijajengwa upya kuifuata. Kadi za AMD nazo huhitaji fimuweya, yaani programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe, ambayo Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilianza kuiweka katika diski yake rasmi ya usakinishaji kwenye toleo la 12, mwaka 2023. Kabla ya hapo mtu aliweza kusakinisha mfumo kwa usahihi kabisa na bado akaishia na llvmpipe.

Si kila joto ni la kiendeshaji, na ni haki kukiondolea lawama kisichozistahili. Mtindo wa kubana video uitwao AV1 ulitolewa mwaka 2018. Kadi ya mwaka 2015 haina saketi za kuufumbua, hata kiendeshaji chake kiwe kipya namna gani, hivyo kichakataji kitaifanya kazi hiyo. Kwenye mashine kama hiyo kinachosaidia ni kuchagua video ileile katika mtindo wa zamani wa H.264, pale tovuti inapoutoa.