Maharamia Waliopigana kwa Vijembe

Oktoba 1990, kampuni ya Lucasfilm Games ya California ilitoa mchezo wa kompyuta kuhusu kijana anayetaka kuwa haramia ilhali hajui hata kushika upanga. Jina lake Guybrush Threepwood, na kipaji pekee anachojivunia ni kuweza kubana pumzi kwa dakika 10. Mchezo wenyewe ni The Secret of Monkey Island, na anayetaka kujua vichekesho hutengenezwaje ndani ya mchezo wa kompyuta hana mwalimu bora kuliko huo.

Kabla yake, michezo ya visa na mafumbo ilikuwa mikali. Kampuni ya Sierra, kupitia King's Quest ya Roberta Williams iliyotoka 1984, iliwazoesha wachezaji kufa ovyo: hatua moja vibaya, umekwisha. Mwaka uleule wa 1990 ilitoka King's Quest V, ambamo mchezaji akila mkate wa krimu aliobeba, hana tena cha kumrushia zimwi la milimani huko mbele. Mchezo haumwambii kitu. Anaendelea kuhangaika na safari isiyo na mwisho.

Ron Gilbert hakukubaliana na mtindo huo. Mwaka 1987, yeye na Gary Winnick walitoa Maniac Mansion, ambamo amri kama "fungua" na "chukua" ziliandikwa kwenye skrini na mchezaji akazichagua badala ya kuzibuni. Mwaka 1989 Gilbert aliandika makala kali kuhusu kasoro za michezo ya aina hii, kisha akakaa na Tim Schafer na Dave Grossman kuandika kisa cha Guybrush.

Uamuzi wao mkubwa ulikuwa kumwondolea mchezaji hofu. Anayeogopa kupoteza kazi ya saa nzima hathubutu kufanya upuuzi, na vichekesho vya michezo hii vinaishi humohumo kwenye upuuzi. Guybrush anaanguka kutoka kwenye jabali, kinatokea kisanduku cha kutangaza kifo kama vile vya Sierra, halafu anadunda na kurudi juu mzima: chini palikuwa na mti wa mpira!

Lakini kutokufa peke yake hakuchekeshi mtu. Ustadi halisi uko kwenye mafumbo. Guybrush anatoswa baharini akiwa amefungwa kwenye sanamu nzito. Pembeni yake kumejaa vitu vyenye makali, na vyote viko mbali kidogo na mkono wake. Mchezaji anahangaika na kamba huku dakika 10 zikiyoyoma, na hapa ndipo mahali pekee anapoweza kufa kweli. Jibu ni kuiokota sanamu na kutembea nayo hadi nchi kavu. Tangu mwanzo kijana huyu amekuwa akisunda kila kitu mfukoni, hata kuku wa mpira mwenye kapi tumboni. Kwa nini sanamu imshinde? Kulitatua fumbo na kuangua kicheko ni tendo moja.

Kilele chake ni mapigano ya panga. Waandishi waliona kwamba katika filamu za zamani za maharamia wapiganaji hurushiana maneno kuliko mapigo, wakaamua mshindi awe mwenye jibu kali zaidi. Mchezaji huzunguka kisiwani akitukanwa na maharamia, akishindwa, na kila akishindwa anaondoka na kijembe kipya. Kisha anakutana na Carla, bingwa wa upanga, ambaye kejeli zake hazijawahi kusikika. Majibu ni yaleyale ya zamani, ila sasa lazima atambue lipi linakaa wapi. Ni mtihani wa akili uliovaa nguo za matusi, na miaka zaidi ya 30 baadaye bado haujachakaa.

Schafer na Grossman waliendeleza kazi hiyo katika Day of the Tentacle ya 1993, ambamo marafiki watatu waliotawanywa katika karne tofauti hupitishiana vitu kupitia choo.

Mwaka 2022 Gilbert na Grossman walirudi na Return to Monkey Island. Safari hii Guybrush anaweza kutembea na kitabu cha vidokezo, ambacho hutoa msaada kidogokidogo, na mchezaji ndiye anayeamua asome hadi wapi.